Bosi kanibebesha afya za wafanyakazi na usalama wa data kwa mpigo, nianzie wapi?

Mtunza_Faili

Wakuu habari zenu. Nipo kwenye ofisi ndogo ya watu 14, mimi ni mtu wa utawala, yaani kila kitu kisicho na mwenyewe kinaangukia kwangu. Juzi kwenye kikao bosi katangaza kwamba kuanzia sasa mimi ndo "msimamizi wa afya kazini na usalama wa data". Mshahara uleule, cheo ndo kimeongezeka. Bajeti ni moja ya vyote viwili, ndogo, na anataka mpango mezani kwake ndani ya wiki mbili.

Ngoja niwape chanzo. Miezi mitatu iliyopita, mwisho wa mwezi, mhasibu wetu alikuwa kwenye laptopu toka asubuhi, mkono wa kulia kaufunga bandeji maana unamchoma usiku mpaka vidole vinakufa ganzi, jicho moja kalifumba analisugua, huku imeili zinaingia mfululizo. Ikaja moja ya "ankara iliyorekebishwa" kutoka kwa msambazaji ambaye kweli tulikuwa tunasubiri ankara yake. Akabofya. Kialama kilikuwa cha PDF kabisa. Hakikufunguka kitu, akabofya tena. Kidogo mafaili yakaanza kubadilika majina mbele ya macho yake, moja baada ya jingine, kila moja linaota mkia wa herufi asizozijua. Kaja kuniambia baada ya dakika 40 hivi. Dakika 40 wakuu! Nikamuuliza mbona hukusema mapema, akanijibu "nilitaka nirekebishe mwenyewe kwanza".

Diski ya bakapu ilikuwa imechomekwa palepale, toka inunuliwe haijawahi kuchomolewa, nayo ikaliwa. Fidia waliyodai wadukuzi ili watufungulie mafaili hatukulipa, tukaanza kuingiza kila kitu upya kutoka kwenye makaratasi, wiki tatu watu wanatoka ofisini usiku. Katikati ya hizo wiki tatu mafua yakaingia, dada mmoja kaja kazini anapiga chafya na homa juu kwa sababu yeye peke yake ndo anajua pasiwedi ya mfumo wa mishahara, wiki iliyofuata nusu ya ofisi wamelala majumbani.

Sasa bosi anataka viti vipya vya bei mbaya, antivairasi ya bei mbaya, na kila mtu abadilishe pasiwedi kila siku 30. Naona hela itaisha na tatizo litabaki pale pale. Naombeni mawazo, nianze na afya au data?

Kebo_Nyeusi

Anza na bakapu mkuu, mengine yatafuata. Hiyo diski inayokaa imechomekwa muda wote si bakapu, ni folda nyingine tu ya kompyuta ileile, kirusi akiingia anaiona kama anavyoiona diski D ya ndani. Sheria ya zamani bado inafanya kazi: nakala tatu, kwenye aina mbili za vifaa, moja iwe nje ya jengo. Na mimi naongeza, mojawapo isiwe imeunganishwa na kitu chochote, si waya si mtandao.

Unajua Maersk, wale wa meli za makontena? Juni 2017 walipigwa na kirusi cha NotPetya, baadaye mwenyekiti wao akasema hadharani kwamba walisimika upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 ndani ya siku 10. Zile seva zao zinazotunza nani ni nani kwenye mtandao zilikuwa zinanakiliana zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo zikafa zote pamoja. Ikabaki moja tu, ofisi ya Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika pale kabla kirusi hakijafika. Kampuni kubwa kiasi hicho imeokolewa na umeme kukatika. Wewe chomoa diski.

Halafu ile kialama cha PDF: Windows kwa kawaida inaficha mkia wa faili, kwa hiyo "ankara.pdf.exe", ambayo ni programu na si hati, unaiona "ankara.pdf". Nenda kwenye mipangilio ya mafaili uwashe mikia ionekane kompyuta zote 14. Bure kabisa.

Zege_Halilali

Hapo kwenye pasiwedi kila siku 30 mwambie bosi aachane napo, watu watakuwa wanaandika Januari01, Februari02, Machi03 na karatasi wanabandika chini ya kibodi, mimi mwenyewe nilishafanya hivyo miaka yote niliyolazimishwa 😂

Na si maneno yangu. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilibadilisha mwongozo wake 2017, ikasema usimlazimishe mtu kubadilisha kwa kalenda, mbadilishie pale unapoona dalili imevuja. Hata yule aliyeandika mwongozo wa 2003, Bill Burr, alikuja kukiri anajutia mengi aliyoyaandika mule. Weka pasiwedi ndefu, kila akaunti na yake, programu ya kuzitunza, na uthibitisho wa hatua mbili kuanzia kwenye imeili na benki. Imeili ndo mlango wa kila kitu, anayeiingia anaomba "nimesahau pasiwedi" kote kwingine.

Uti_wa_Mgongo

Mimi ni mtu wa viungo, sio kompyuta, na nimesoma hii posti mara mbili kwa sababu ya mkono wa huyo mhasibu. Ganzi ya usiku, je inashika dole gumba, cha shahada na cha kati? Kama ndo hivyo aende akapimwe, kuna neva inapita kwenye kifundo cha mkono pahali pembamba sana na ikibanwa muda mrefu misuli ya chini ya dole gumba inaanza kukonda. Bandeji aliyojifunga mwenyewe yaweza hata kumbana zaidi.

Kuhusu viti, bosi wako anataka kununua suluhisho la mwisho kabla ya la kwanza. Tatizo la laptopu ni kwamba skrini na kibodi vimeshikana, ukiweka mikono pazuri shingo inainama, ukiweka shingo pazuri mabega yanapanda. Chukua rimu mbili za karatasi, weka laptopu juu mpaka ukingo wa juu wa skrini ulingane na macho, kisha nunua kibodi na kipanya vya kawaida vya kuchomeka. Viwiko vikae kama pembe ya mraba, kifundo kinyooke kisipinde kwenda juu, miguu ikanyage chini. Mtu mfupi muwekee kitu chini ya miguu. Ukishafanya hivyo kwa wote ndo uone ni nani hasa kiti chake kibovu, watakuwa wawili watatu.

Macho: tukiangalia skrini tunapepesa mara chache sana kuliko kawaida, ndo maana anasugua. Kila dakika 20 aangalie kitu cha umbali wa mita 6 hivi kwa sekunde 20. Na watu wainuke, mwili haujali kiti ni cha bei gani ukikaa saa nne bila kusimama.

Usingizi ndo usiuguse juu juu. Ilishapimwa, mtu aliyekaa macho saa 17 utendaji wake unashuka mpaka kufanana na mtu mwenye pombe ya 0.05% kwenye damu. Ninyi wiki tatu watu wanatoka usiku wanaingiza hesabu? Hizo hesabu zikaguliwe upya.

Mtunza_Faili

Dah @Uti_wa_Mgongo nimemuuliza sasa hivi, ni vidole hivyohivyo vitatu. Nikamwambia kwa nini hukusema, akajibu "si mtaniona naleta visingizio". Na kweli kwenye hesabu tulizoingiza usiku tumeshakuta mistari imeingia mara mbili.

Mama_Mishahara

Mwanangu Mtunza, umeona ulichoandika? Alificha kubofya dakika 40, na mkono kaficha miezi. Ni mtu yuleyule, na woga uleule. Hebu sema ukweli, siku ile ya virusi bosi alisema nini mbele za watu?

Mtunza_Faili

Alifoka mama. Mbele ya wote. Akasema "mtu mmoja katugharimu".

Mama_Mishahara

Basi hapo ndo pa kuanzia na hapana gharama hata ya shilingi. Mimi nimekaa idara ya mishahara miaka mingi, ofisi ambayo anayekosea anafokewa, makosa hayapungui, yanachelewa tu kujulikana. Zile dakika 40 kama angepiga kelele dakika ya pili mkachomoa waya wa mtandao, yangepona mangapi? Bosi asimame tena mbele ya haohao aseme anayetoa taarifa haraka hataguswa. Asiposema yeye, wewe ukisema hawatakuamini.

La pili huyo dada wa pasiwedi ya mishahara. Alikuja na homa sio kwa ubishi, alikuja kwa sababu mmemfanya nguzo. Kila kazi iwe na watu wawili wanaoijua, na wa pili awe na akaunti yake mwenyewe, sio kupeana pasiwedi. Ile akaunti kuu iandikwe, itiwe kwenye bahasha, isainiwe kwenye gundi, ifungiwe. Halafu mpeleke likizo! Mabenki mengi yanalazimisha mtu wa fedha akae nje wiki mbili mfululizo, kwanza apumzike, pili kama kuna mchezo anaufunika kila siku utajitokeza akiwa hayupo, na tatu ofisi ijue kama inaweza kutembea bila yeye. Kitu kimoja kinafanya kazi tatu.

kivuli_cha_saa_sita

Swali dogo tu. Wale waliolala na mafua walileta vyeti vya daktari, mmeviweka wapi?

Mtunza_Faili

Folda ya pamoja, inaitwa "Wagonjwa". Wengine walipiga picha wakatuma kwenye grupu la ofisi…

kivuli_cha_saa_sita

Nilijua. Mtu anayeitwa msimamizi wa afya na data halafu ugonjwa wa kila mtu uko kwenye grupu 😅 Taarifa za afya ni data nyeti kuliko hata ankara zenu, ankara ikivuja mnabadilisha bei, ugonjwa wa mtu ukivuja haurudi. Wewe unachohitaji kujua ni siku ngapi hayupo, jina la ugonjwa la nini? Futa picha, folda ihamishe, waone wawili tu. Utaona hata watu wanaanza kusema wanaumwa.

Zege_Halilali

Naongezea la mafua: anayeweza kufanya kazi nyumbani afanyie nyumbani, ila sio kwa kuhamisha mafaili kwenye flashi ya mtoto. Mpe laptopu ya ofisi iliyofungwa kwa usimbaji, yaani hata ikiibwa mafaili hayasomeki bila pasiwedi. Na kibodi za kuchangia zifutwe kwa kitambaa chenye spiriti, usipulizie moja kwa moja, jamaa wetu alipulizia laptopu ikiwa imewaka, tukapoteza laptopu na data kwa usafi.

Kebo_Nyeusi

Nakubaliana na mama, ila nisisahaulike na apdeti. Kirusi cha WannaCry kilipotokea Mei 2017 na kuvuruga hospitali Uingereza, Microsoft walikuwa wameshatoa kiraka, yaani apdeti ya kuziba tundu hilo, tangu Machi. Miezi miwili kiraka kipo, watu wanabofya "nikumbushe baadaye". Washa zijifanyie zenyewe, usiwaachie watu waliochoka.

Halafu jaribu KURUDISHA bakapu, sio kuangalia tu kama ipo. GitLab, kampuni inayowatunzia watu kodi za programu, Januari 31, 2017, fundi yuko kazini usiku, siku ngumu, akafuta hifadhidata akidhani yuko kwenye seva ya akiba kumbe ni yenyewe. Alipositisha zilikuwa zimebaki GB 4.5 kati ya kama 300. Wakakimbilia bakapu: njia tano, hakuna iliyokuwa inafanya kazi sawasawa, na imeili za kuwaambia kwamba bakapu inafeli zilikuwa zinakataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala aliyoipiga fundi huyohuyo kwa mkono saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Na hawakumtoa kafara, waliandika kila kitu hadharani.

Yale mafaili yenu yaliyofungwa msiyafute pia. Kuna mradi wa No More Ransom, walianzisha 2016 polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama, wanatoa funguo bure kwa baadhi ya virusi. Pengine wa kwenu yumo, pengine hayumo, ila kuangalia ni bure.

Mtunza_Faili

Wakuu mrejesho, wiki mbili zimeisha.

Mpango niliompelekea bosi ulikuwa ukurasa mmoja. Viti vinanunuliwa vitatu, hela iliyobaki imeenda kwenye kibodi, vipanya, diski mbili (moja inalala nje ya ofisi, zinabadilishana kila Ijumaa) na bakapu ya wingu. Siku 30 za pasiwedi amezitoa, kwa shingo upande. Folda ya wagonjwa imefungwa. No More Ransom kirusi chetu hakimo, mafaili nimeyahifadhi.

Jaribio la kurudisha bakapu la kwanza LILIFELI, asante Kebo. Faili zilikuwepo, zinafunguka vizuri, ila ni za mwaka jana, folda ya mwaka huu hakuna aliyeiongeza. La pili limepita.

Bosi kusimama mbele ya watu ilichukua siku sita kumshawishi. Alisimama, akasema sentensi mbili akiangalia meza, akakaa. Siku iliyofuata kijana wa mapokezi kaja mwenyewe kwangu anakimbia, "nimebofya kitu". Ilikuwa tangazo la kawaida tu, ila alikuja ndani ya dakika moja.

Mhasibu kapimwa, kapewa kifaa cha kunyoosha mkono avae usiku, na leo ndo siku ya kwanza ya likizo yake ya wiki mbili. Nimemwambia azime simu.

Mama_Mishahara

Kazima?

Mtunza_Faili

Saa tatu asubuhi katuma "bahasha mmeiona?" 😂 Nimemjibu tumeiona, hatujaifungua.