Naomba ushauri: "bank" iwe kidahizo (neno kuu linaloanzisha ingizo la kamusi) kimoja au viwili?

Ndugu zangu, natayarisha faharasa ya Kiingereza na Kiswahili kwa wanafunzi wa sekondari hapa Kampala. "Bank" ya fedha ilipitia Kiitaliano, banca, yaani benchi au meza ya mbadilisha fedha; ya mto ina asili ya Kinorse, lugha ya kale ya Skandinavia. Kwa hiyo nimeweka vidahizo viwili, benki na ukingo. Ukiviunganisha, mwanafunzi ataandika "benki ya Nile" akikusudia ukingo pale Jinja.

Kinachonitatiza ni vitenzi. Ndege ikikata kona, bawa moja likashuka, hiyo ni "bank" iliyotokana na mteremko, si fedha. Nitumie "kulalia upande" chini ya ukingo? "Bank on", kutegemea, naona ikae chini ya benki. Mnashaurije?