Mbuzi wa Baba

*Kikundi: Ukoo Wetu ❤️ — Jumamosi*

Salma (Kitinda), 1:12 asubuhi: 🎤 Ujumbe wa sauti (0:41)

Salma: Sikilizeni mpaka mwisho 😂😂😂 nimelia machozi

Asha: Jamani!! Huyo anayekoroma kwa kicheko ni Mama?

Salma: Ndiye. Baba alikuwa anatafuta miwani, jina halitoki, akasema "nipeni mbuzi wangu". Juma akauliza "wa rangi gani?"

Asha: 🤣🤣🤣

Shangazi, 1:30: Salma.

Salma: Shikamoo Shangazi

Shangazi: Marahaba. Hiyo sauti umeitoa wapi? Kaka yangu ana wiki tatu tangu apate kiharusi, mkono hauinuki, maneno yanampotea, nyinyi mnamrekodi mnacheka? Wahenga walisema cheka uchafu, usicheke kilema.

Shangazi: Mimi silali huku.

*Salma amefuta ujumbe huu*

Salma: Samahani Shangazi. Nilikosea kurekodi bila kumwambia. Nimeifuta.

Mama, 1:44: Wifi, kurekodi kweli hapana, nimeshamwambia. Ila kucheka usiwagombeze. Yeye ndiye alianza. Alisema mbuzi, akajisikia, akanitazama, mdomo ukaanza kucheza upande ule mzima. Mimi nilikuwa nimejibana nisicheke, nimeuma kanga. Alipocheka yeye ndipo nikapasuka.

Mama: Halafu nikaenda jikoni nikalia. Vyote siku moja.

Mjomba, 1:50: *Imesambazwa mara nyingi* ‼️ KICHEKO HUTIBU MAGONJWA YOTE. Mwandishi wa Marekani alijitibu kwa kutazama vichekesho tu, madaktari wakashangaa!! Tuma kwa watu 10

Neema: Mjomba shikamoo 🙏🏾 hiyo imeongezwa chumvi

Mjomba: Marahaba. Chumvi gani? Wewe si unasomea uuguzi?

Neema: Ndiyo maana nasema. Huyo ni Norman Cousins. Aliandika mwaka 1976 kwamba dakika kumi za kucheka kwa nguvu zilimpa saa mbili za usingizi bila maumivu. Lakini alikuwa na daktari wake, na alikuwa anapewa vitamini C kwa wingi. Halafu ni habari ya mtu mmoja. Kicheko hakikumrudishia Babu mkono na hakitamrudishia. Dawa za presha asiache, mazoezi ya kiungo asiache.

Mjomba: Sasa faida yake nini? Tununiane?

Neema: Hapana jamani 😅 ipo. Robin Dunbar na wenzake wa Oxford walitoa utafiti mwaka 2011. Watu wakitazama vichekesho na kucheka, wengine wakitazama vipindi vya kawaida, kisha wanapimwa watavumilia maumivu kiasi gani, mfano kubanwa mkono kwa ule mpira wa kupimia presha. Waliocheka walivumilia zaidi. Na watu walicheka zaidi wakiwa kundi kuliko mtu akiwa peke yake. Kwa hiyo haiondoi ugonjwa, inawapa nguvu ya kuubeba. Na hapo namhesabu Bibi kabla ya Babu.

Neema: Ila Shangazi ana hoja moja. Si kila kicheko baada ya kiharusi ni furaha. Wapo wagonjwa wanaocheka au kulia ghafla bila kutaka, ubongo umeshindwa kuzuia. Mkiona Babu anacheka pasipo sababu na hawezi kuacha, mwambieni daktari, msimfuatishe.

Shangazi, 2:15: Hilo ndilo nililoogopa. Mtu anacheka kumbe moyoni anaungua.

Juma, 2:40: Shikamoo Shangazi. Sikutaka kuandika haya hapa, lakini bora uyajue.

Juma: Tangu arudi Jumanne Baba alikataa kuogeshwa na mimi. Anamkubali Mama tu, na Mama mgongo umekwisha. Nikiingia na beseni anageukia ukutani. Baba ambaye alinifundisha mimi kuoga! Nikawa naongea sauti ile ya hospitali, "haya Mzee, tunajitahidi", hata mimi najichukia.

Jana Mama alikuwa amelala kwa uchovu, hakuna namna. Nikamkalisha kwenye stuli. Hatutazamani. Sabuni ikaniponyoka, ikateleza sakafuni mpaka mlangoni, ikasimama hapo kizingitini. Sote tukaitazama. Baba akasema, taratibu lakini sentensi nzima, "Imekimbia. Hata mimi ningekimbia."

Shangazi, tulicheka mpaka nikakaa chini kwenye maji. Baada ya hapo akanigeuzia mgongo nimsugue. Na nilipokuwa namsugua, kwa kuwa sioni uso wake nadhani, akaniuliza: "Nitapona?"

Wiki tatu hakuna aliyethubutu kulitamka hilo neno humu ndani. Sisi tulikuwa tunamficha, yeye anatuficha. Nikamwambia sijui Baba, daktari amesema mkono utachukua muda na huenda usirudi wote. Akasema "haya". Tukaongea mpaka maji yakapoa. Na deni la hospitali tumeliongea, alikuwa analijua muda wote.

Asha: 😭

Asha: Mwanangu naye. Siku zote hizi ananyata kwenye korido kama mwizi, hagusi hata mpira wake. Leo aliposikia vile vicheko chumbani akanikimbilia: "Mama, Babu amerudi?" Nikamwambia Babu amerudi tangu Jumanne. Akasema "aah, sikujua."

Mjomba: 🙏🏾

Mjomba: Basi ule ujumbe wangu msiutume kwa watu 10

Salma: Mimi nilishautuma kwa watu wawili 🙈

Shangazi, 3:05: Nimesoma yote. Juma, Mungu akubariki mwanangu.

Shangazi: Mimi niko mbali. Nyinyi mnamwona akicheka, mimi nasikia kicheko tu kwenye simu, sioni macho yake. Nikisikia "mbuzi" naona kaka yangu anadhalilishwa. Mnielewe na mimi.

Mama: Tunakuelewa wifi. Jioni tutakupigia kwa video, umwone mwenyewe.

Juma: Na mimi nilimuuliza kabla ya kuandika haya. Alinionyesha dole gumba. Ila tumekubaliana: akihangaika na neno huku amekasirika, hakuna wa kucheka, tunasubiri. Akicheka yeye, mlango umefunguliwa.

Neema: Na mpeni muda wa kulitafuta neno mwenyewe, msimmalizie haraka haraka.

Salma: Subirini, ameshika simu yake. Anaandika kwa mkono wa kushoto. Msiongee

Mjomba: Kwani tunaongea?

Salma: Mjomba!!

Baba, 3:31: mbuzi wagu yuk wapi

Asha: Amesahau tena au anatutania?

Mama: Miwani anayo usoni 😄

Shangazi, 3:34: Kaka, shikamoo. Mbuzi wako nimemwona amepanda juu ya pua. Mfunge vizuri asinishambulie jioni mkinipigia simu.

Baba: 😂