Wamekataa kukaa na mwenzao Msomali. Niwaambieje?

Mwalimu_Kisauni
Walimu wenzangu, salaam. Nafundisha gredi ya nne huku Kisauni, Mombasa. Darasani nina Wagiriama, Wadigo, Wakamba, Wajaluo, na msichana mmoja Msomali. Kila redio ikitaja shambulio la mpakani, moto unawaka. Juzi wavulana wawili wamehamisha dawati lao na kumwita "shabaab", yaani gaidi wa Al-Shabaab, kundi la Somalia. Mmoja wao babake ni mwanajeshi, yuko Somalia. Huyo siwezi kumkaripia tu, ana hofu ya kweli. Jeshi letu lilivuka mpaka kupigana na kundi hilo Oktoba 2011, watoto hawa hawajazaliwa. Hawajaona mwaka usio na vita hivi. Nianzie wapi?

Niliyekuwa_Mandera
Pole, mwalimu. Mimi nilifundisha kule Mandera, karibu na mpaka wa Somalia, mpaka Novemba 2014, Al-Shabaab waliposimamisha basi wakawaua abiria 28 wasiokuwa Waislamu, wakiwemo walimu wenzetu waliokuwa wakienda likizo. Wengi wetu tulihama. Kwa hiyo uchungu wa mvulana huyo naujua.

Lakini msimulie na ya Desemba 2015. Basi jingine la Mandera, karibu na El Wak. Washambuliaji wakaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu wakakataa. Kina mama wakawavisha wenzao wa Kikristo hijabu. Salah Farah, naibu wa mwalimu mkuu, Mwislamu, alikuwa ndani ya basi lile. Alipigwa risasi, akafariki Januari 2016 hospitalini Nairobi. Mwalimu kama wewe! Watoto wanapaswa kulijua jina hilo kama wanavyojua majina ya wanasoka.

Mzazi_Majengo
Asalaam aleikum. Mimi ni mama wa Kisomali, wanangu wamezaliwa hapa hapa Mombasa. Hadithi ni nzuri, ila nakuomba, mwalimu, usimsimamishe binti huyo mbele ya wenzake wala usimtazame ukisimulia. Wangu alisimamishwa hivyo "awaeleze wenzake", akakataa shule wiki nzima. Mtoto hana jibu la kutoa kwa ajili ya Al-Shabaab. Na madawati yapange upya yote, darasa zima, asijue mtu ni kwa sababu ya nani.

Mwalimu_Kisauni
Ahsante, mama, hilo la kumsimamisha nilikuwa karibu kulifanya. Nitapanga madawati kesho kabla ya gwaride. Habari za Farah nitawasimulia watoto wiki ijayo, mambo yakishapoa. Yule mvulana nitakaa naye peke yake wakati wa mapumziko, anieleze habari za babake. Kuna aliyewahi kuwa na mtoto wa mwanajeshi darasani? Huwa mnawaambia nini simu ya baba isipopatikana?