Naombeni ushauri: kuskani negativu kubwa za babu nyumbani

Mjukuu_wa_Ligula: Wakuu, habari za humu. Marehemu babu alikuwa mpiga picha hapa Mtwara, ameacha boksi la negativu nyeusi na nyeupe, zile kubwa za inchi 4 kwa 5. Moja nimeimulika dirishani nikaona gari moshi, nadhani ni la ile reli ya Nachingwea iliyong'olewa miaka ya 1960. Roho inaniuma zisije zikapotea. Nimeazima skana, Epson V600, ila taa ya mfuniko inamulika ukanda mwembamba, negativu haienei. Nifanyeje? Na ile sehemu ya kufuta vumbi yenyewe, niiwashe?

FundiPicha_Lindi: Hongera kwa kuzitunza. Hiyo ya vumbi usiiwashe kabisa. Inatafuta vumbi kwa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, na madini ya fedha yaliyomo kwenye filamu nyeusi na nyeupe yanauzuia mwanga huo, kwa hiyo skana inaona picha yenyewe ni uchafu. Nyuso za watu zitavurugika. Tumia kipulizio cha mpira na brashi laini, chembe zitakazobaki uzifute kwenye kompyuta moja moja.

Skani nusu mbili kisha uziunge kwenye kompyuta. Zima marekebisho yote ya otomatiki, la sivyo nusu moja itatoka nyeusi kuliko mwenzake. Weka nukta 2400 kwa inchi, utapata pikseli 9600 kwa 12000, inatosha hata kwa picha ya ukutani. Hifadhi kwa TIFF ya biti 16, aina ya faili isiyopunguza ubora wa picha.

Mama_Shangani: Mie natumia kamera, mwanangu. Negativu juu ya ubao wa taa, pembeni nazungushia karatasi nyeusi mwanga usivuje, kamera kwenye stendi inatazama chini, lenzi ya makro, ile ya kupigia vitu kwa karibu sana. Upande usiong'aa uelekee kamera, picha utaigeuza baadaye. Taa ya chumbani zima, na feni pia hata kama joto linakusumbua, maana inarusha vumbi. Usibane filamu kwa kioo cha kawaida. Kwa unyevunyevu wetu inanata na kuacha miduara kama mafuta juu ya maji.

Mjukuu_wa_Ligula: Shikamoo mama, ahsante sana. Nyingine zina ukungu. Nizioshe?

FundiPicha_Lindi: Usithubutu! Ukungu unakula jelatini, yaani utando wa filamu unaobeba picha, ukilowesha inaweza kubanduka na picha yake. Skani kama zilivyo, kisha zikae kwenye bahasha za karatasi, mahali pakavu. Na uzinuse: zenye harufu ya siki zimeshaanza kuoza, hizo anza nazo leo.