Nimelipia kambi Lushoto wakijua nina mbwa, nimefika wakamfunga nyuma ya jenereta

Wakuu, nina hasira ya wiki tatu, nivumilieni. Na mods msiuhamishie uzi huu kwenye vichekesho.

Najua kuna watakaosema "matatizo ya wenye hela hayo, mbwa anapelekwa kutalii". Semeni tu. Elfu hamsini iliyoliwa ni yangu na sikuiokota.

Nina mbwa anaitwa Popi, mchanganyiko wa kienyeji na jamani sheped, umri miaka minne, kadi ya chanjo imejaa mihuri. Watoto walipofunga shule mwezi wa sita nikapanga tukalale kwenye hema Lushoto usiku mbili. Nikapiga simu sehemu nne. Tatu zikakataa mbwa palepale bila kunizungusha, nikawashukuru. Ya nne meneja akaniambia, "Mlete tu bosi, hapa ni shambani, atafurahi." Sikuridhika na mdomo, nikamwandikia meseji: mbwa mmoja, mkubwa, analala ndani ya hema na sisi. Akajibu "Sawa kabisa" na kidole gumba juu. Nikatuma hela yote. Meseji ninayo mpaka leo.

Tumetoka Dar saa kumi na mbili asubuhi, tukimshusha Popi Chalinze na Segera ajisaidie. Kosa langu la kwanza nalikiri: nilimlisha kabla ya Mombo. Zile kona za kupanda kwenda Soni mnazijua. Kona ya nne tu akatapika wali wote kwenye begi la shule la binti yangu. Tukasimama pembeni, mimi nasafisha, gema upande mmoja, malori yanapita upande wa pili, mke wangu hanisemeshi.

Saa tisa na nusu tunafika. Meneja anamwona mbwa kama hajawahi kusikia habari zake. "Bosi, eneo la mahema mbwa haruhusiwi. Sheria ya hifadhi."

Hifadhi ipi? Msitu wa Magamba uko kule juu. Tulipokuwa tumesimama ni shamba la mtu, kushoto kabichi, kulia mipichi.

Na hapa ndipo aliponichefua, maana sheria ya kutoingiza mbwa hifadhi za taifa naijua na naiunga mkono kwa mikono miwili. Mwaka 1994 simba wa Serengeti waliingiliwa na ugonjwa wa distempa, na watafiti wanaamini chanzo ni mbwa wa vijiji vya jirani. Inakadiriwa walikufa simba kama elfu moja, theluthi ya simba wote wa pale. Mbwa mwitu nao wanamalizwa na ugonjwa huohuo, na kichaa cha mbwa pia. Kwa hiyo mtu akirudishwa na mbwa wake getini Serengeti asilalamike, askari yuko sahihi. Lakini kabichi haziugui distempa! Kama hutaki mbwa kwenye shamba lako sema hutaki, ni haki yako, wenzako watatu walisema. Usile hela yangu kwanza halafu ujifiche nyuma ya sheria ya watu wengine.

Suluhisho lake sasa: niongeze elfu hamsini "ya usafi", halafu Popi afungwe nyuma ya banda la jenereta, palipokuwa zizi la mbuzi zamani. Watoto wana njaa, jua linashuka, mjini nani atanipa chumba na mbwa? Nikalipa. Risiti hakuna.

Niseme na zuri. Mpishi wa pale ni mzee wa makamo, Muislamu. Nilipomwamkia akaniita pembeni kwa upole: "Mwanangu, naomba mbwa asifike kwenye vyombo vyangu, akiramba sufuria nina kazi ya kuosha mara saba na udongo juu." Nikamwambia mzee wangu, ana bakuli lake na dumu lake la maji, jikoni hatakanyaga. Yakaisha, dakika moja. Meneja angeniambia lake hivyo hivyo kwenye simu, leo nisingekuwa naandika hapa.

Usiku sasa. Kumbe kambi isiyoruhusu mbwa ina mbwa watatu! Wa mlinzi, wanafunguliwa saa mbili usiku, mbavu unazihesabu. Wakamwendea Popi amefungwa kamba ya mita mbili, hawezi kukimbia wala kupigana. Nilitoka na tochi na kandambili moja. Aliumwa sikio. Nikamuuliza mlinzi kama mbwa wake wamechanjwa kichaa, akacheka. Nikaosha kidonda kwa sabuni na maji mengi, tukamalizia usiku mimi na Popi kwenye gari, vioo wazi vidole viwili, na baridi ya Lushoto mwezi wa sita haina mchezo. Asubuhi nikamtoa kupe kumi na mmoja kwa kibano, masikioni na katikati ya vidole. Tukafunga hema tukaondoka, usiku wa pili nimewaachia. Dar nikampitishia kwa daktari, akarudiwa chanjo ya kichaa kwa sababu ya lile sikio.

Siku ya kumi na mbili akakataa chakula, hata dagaa. Ufizi mweupe kama karatasi, mkojo rangi ya kahawa. Daktari akapima damu: homa ya kupe, babesia. Sindano, dripu, laki moja na themanini. Sasa anakula, ila ngazi bado zinamshinda.

Siwezi kuapa kupe aliyemwambukiza ni wa pale, na dawa ya kupe nilimpaka kabla ya safari. Ndiyo maana matibabu sidai. Nadai elfu hamsini ya "usafi" niliolipia nikalaza mbwa kwenye zizi. Nimempigia meneja mara sita. Alipokea mara moja tu, akasema, "Hao kupe ulikuja nao wewe."

NYONGEZA saa nne usiku:

Mnaouliza jina la kambi, sitalitaja, msinifuate inbox.

Aliyeuliza kwa nini sikumwacha nyumbani: kijana wetu alikuwa msibani kwao Korogwe, na jirani anamwogopa.

Mnaotaka kwenda na mbwa, msiulize "mbwa anaruhusiwa?" Hilo kila mtu atajibu ndiyo. Ulizeni atalala wapi, kuna ada gani, na wenyeji wana mbwa wanaofunguliwa usiku? Majibu yote kwa maandishi. Na chakula apewe mkishafika juu.

NYONGEZA ya pili: meneja kapiga sasa hivi, sijui nani kamtumia uzi. Anasema anarudisha nusu, nimtumie namba. Nimemtumia. Mpaka hapa naandika, salio ni lilelile.