Mjadala: Upigaji wa piano ulibadilishwa na watunzi au na mafundi?

Mtoa mada:
Wakuu, kila wapiga vinanda wakikutana hukosi mmoja wa kusema Chopin na Liszt, wale watunzi na wapiga piano wa karne ya 19, wanasifiwa bure, kazi yote ilifanywa na mafundi waliounda piano. Mimi napinga.

Chukueni zoezi la pili la Opus 10 (yaani kazi namba 10) ya Chopin, lililochapishwa 1833. Mkono wa kulia unapanda na kushuka nusu toni kwa nusu toni kwa vidole vitatu vya pembeni, huku gumba na cha shahada vikidonoa noti kadhaa kwa pamoja chini yake. Kidole cha kati kinavuka juu ya kidole kidogo. Jaribuni hata juu ya meza muone mkono unavyowaka moto! Fundi gani aliongeza waya au nyundo ili hilo liwezekane?

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, umejichagulia mfano. Kuvusha kidole kirefu juu ya kifupi kulikuwepo tangu enzi za vinanda vya kale, kabla gumba halijapewa kazi. Twende kwa mtunzi Beethoven, aliyemtangulia Chopin. Katika sonata ya Opus 10 namba 3, ya 1798, oktava (noti ileile ya juu na ya chini zikipigwa pamoja) zinapanda vizuri, zikifika kileleni noti ya juu haipo. Kibao chake cha kubonyeza hakikuwepo. Piano ya wakati ule iliishia noti ya Fa. Mwaka 1803 akaletewa piano ya mafundi wa Érard kutoka Paris, yenye vibao vingi zaidi, na sonata ya Waldstein aliyoianza mwaka huohuo ikavuka mpaka ule.

Mtoa mada:
Hiyo nakubali, ila nusu. Érard walipata hataza (haki ya uvumbuzi) mwaka 1821 ya mtambo unaokuwezesha kupiga tena kibao kabla hakijarudi juu kabisa. Liszt akaupenda. Chopin, katika Paris ileile, akapendelea piano za mafundi wa Pleyel zisizo na mtambo huo. Kama fundi ndiye mwenye amri, mbona Chopin hakufuata chombo kipya?

Mchangiaji wa kwanza:
Si ndiyo nisemavyo? Kila mmoja alikuwa na fundi wake. Mpokonye Chopin ile Pleyel ya mguso mwepesi uone.

Mchangiaji wa pili:
Na John Cage, mtunzi wa Marekani, mnamweka upande gani? Mwaka 1940 kule Seattle ukumbi haukuwa na nafasi ya ala zake za kugonga, akachomeka bolti katikati ya nyuzi za piano ili isikike kama ala hizo. Hapo ni mtunzi au fundi?