UZI: Acheni kuua kunguru wa Kigoma kwa jina la "kunguru wa Zanzibar"

Wakuu, hili sasa limezidi. Kila baada ya siku chache kwenye magrupu ya hapa Kigoma inarushwa picha, chini imeandikwa "kunguru wa Zanzibar wameingia", halafu watu wanamwaga utumbo wa samaki wa migebuka uliotiwa sumu ya shambani kule mwaloni. Ndege wa kwenye picha ana kifua cheupe pee! Kunguru wa Zanzibar hana weupe popote.

Tazameni shingo kabla ya kitu kingine. Yule mgeni, yaani kunguru wa Zanzibar, aliyeletwa Unguja miaka ya 1890 ni mweusi, ila kuanzia kisogoni mpaka kifuani ana rangi ya majivu. Mwembamba, urefu kama sentimita 40. Huyu wetu anayezoa mabaki mwaloni Kibirizi ana sentimita 46 hadi 50, na weupe wa kifuani unapanda mpaka nyuma ya shingo, kama amejifunga skafu. Yupo na wa tatu, wa milimani na kwenye majabali: doa jeupe kisogoni tu, kifua cheusi, mdomo mnene wenye ncha nyeupe.

Mnakosea zaidi kwa makinda. Kinda wa huyu wetu manyoya yake meupe yana ncha nyeusi, kwa hiyo kwa mbali anaonekana wa kijivu. Subirini ageuke. Weupe ukikutana na weusi kwa mabaka mabaka, ni kinda, mwacheni. Kijivu cha mgeni kimetulia, hakina mabaka.

Na hiyo sumu haichagui! Mwewe akiokota mzoga wa kunguru naye anakufa, kuku na mbwa vilevile, na mvua ikinyesha mabaki yanasombwa ziwani, maji hayo hayo tunayochota.

Unayelia kuliwa dagaa na kunguru ukiwaanika, tandaza wavu mkuukuu juu ya kichanja, uuinue kwa vijiti kama shubiri moja. Ukiulaza juu ya dagaa, wanadonoa kupitia kwenye matundu. Pindo zibane kwa mawe, kunguru hupenya chini kwa miguu. Utumbo ufukiwe siku hiyo hiyo, ndio unaowaita.

Ukiamini umemwona mgeni kweli, piga picha ya ubavu na ya kisogo, jua likiwa nyuma yako, andika mahali na idadi, peleka kwa maofisa wanyamapori. Na aliyerusha ile picha ya juzi aifute leo, bado inasambazwa.